Kumkaribisha mtazamaji mpya kwenye laivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayerusha matangazo mubashara, awe anacheza gemu, anachora, anafundisha hesabu au anapiga soga tu. Majibu yanahusu Twitch, YouTube, TikTok na majukwaa ya aina hiyo. Penye tofauti nimeitaja. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kumtaja mgeni jina ni sehemu ndogo sana ya kumkaribisha. Mgeni hujisikia nyumbani akielewa kinachoendelea, akiona pana nafasi yake, na akiachwa aamue mwenyewe kama ataongea au la.

Nikiona mtu ameingia, nimtaje jina hapo hapo?

Akishaandika, ndiyo. Kama hajaandika, muache kwanza.

Majukwaa hayafanani kwa hili. Kwenye TikTok chati yenyewe, yaani sehemu ya komenti, huonyesha kwamba fulani amejiunga, na warushaji wengi wamezoea kuyasoma majina hayo mfululizo: karibu fulani, karibu fulani, karibu na wewe fulani. Wapo wanaofurahia kutajwa. Ila jaribu kuisikiliza laivu ya namna hiyo kwa dakika kumi ukiwa mtazamaji. Mada haipo, habari haipo, ni kuita mahudhurio tu, na aliyekwisha kutajwa hana kilichobaki cha kumkalisha. Twitch ina orodha ya waliomo kwenye chati ambayo mrushaji anaweza kuifungua, lakini kusoma majina ya watu waliokaa kimya kutoka kwenye orodha hiyo huhesabiwa kuwa ni utovu wa adabu. Mtu aliyejibanza pembeni akisikia jina lake linaitwa hadharani, mara nyingi hula kona.

Akishaandika komenti ya kwanza mambo hubadilika. Twitch humwekea alama anayeandika kwa mara ya kwanza kwenye chaneli yako, kwa hiyo kumtambua si kazi. Soma komenti yake kwa sauti, jibu alichosema, kisha ndipo umkaribishe. Mpangilio huo una maana yake. Tuseme unachora mkono, na mtu mwenye akaunti ya Kipepeo ameandika kwamba kivuli kimekolea mno. Ukimjibu "karibu sana Kipepeo, asante kwa kuja, usisahau kufolo", umempokea bila kumsikiliza. Sasa tazama hii: "Kipepeo anasema kivuli kimekolea. Kweli, ngoja nikipunguze hapa kwenye kidole gumba... vipi sasa? Halafu karibu, naona ndiyo mara yako ya kwanza." Muda uliotumika ni karibu ule ule, lakini safari hii Kipepeo ana sababu ya kubaki, kwa sababu anataka kuona kidole gumba kitaishia vipi.

Wanaokaa kimya je? Nitajuaje kama wanafurahia?

Hutajua, na si lazima ujue. Katika laivu nyingi wanaoandika ni wachache kuliko wanaotazama. Kuna anayesikiliza huku anafua, kuna aliye kazini, kuna mwenye haya, kuna asiyeamini mwandiko wake, na kuna anayependa kutazama tu, basi. Amekaa, na kukaa kwake kunatosha.

Kinachowafukuza ni lawama. "Mbona mmenyamaza leo?" "Naona watu kumi na wawili humu ila wanaoongea wawili." Anayesikia lawama hiyo ni yule yule aliyekuja. Toa ruhusa badala ya lawama, mara moja moja, bila kumtazama mtu: "Kama unataka kutazama tu, kaa kwa raha zako." Halafu wape njia nyepesi za kujiunga zisizodai ujasiri. YouTube na Twitch zina kura, na anayepiga kura hahitaji kuandika neno. Pasipo na kura, waambie waandike 1 au 2. Tarakimu moja huwa ndiyo komenti ya kwanza ya watu wengi sana, kwa sababu haiwezekani kuikosea.

Hakuna mtu kabisa. Niongee na nani?

Ongea hivyo hivyo. Namba ya watazamaji huchelewa kubadilika, kwa hiyo sifuri unayoiona inaweza kuwa imeshapitwa na wakati. Anayeingia akamkuta mtu amenyamaza na macho kwenye skrini hawezi kujua kama umechoka, umekasirika au umesahau kuwasha maiki. Sema unachofanya na kwa nini unakifanya: "Nimeanza na kiganja kabla ya vidole kwa sababu kiganja ndicho kinaamua ukubwa wa vyote." Hiyo ni sentensi ya mtu anayefikiri kwa sauti, na mgeni anaweza kuidandia mahali popote.

Namba ikikutesa, ifiche. Twitch inaruhusu. Kwingine bandika kipande cha karatasi juu yake. Ni dawa ya zamani lakini inafanya kazi.

Mtu akiingia katikati, atajuaje tunafanya nini?

Ningeambiwa nichague swali moja la kujibu, ningechagua hili. Laivu haina ukurasa wa kwanza. Ukiondoa wachache wanaokuwapo tangu unapowasha kamera, kila mtu anaingia katikati, na anaingia na maswali matatu kichwani: huyu ni nani, anafanya nini, wamefika wapi. Asipoyapatia majibu haraka anaondoka, hata kama unachofanya ni kizuri kuliko vyote alivyoviona siku hiyo.

Anza na kichwa cha laivu. "Karibuni sana leo ni moto" hakimwambii mtu chochote. "Nachora mkono kwa penseli kuanzia mwanzo" kinamwambia kila kitu, na anayebofya anakuja akiwa tayari anajua alichofuata.

Cha pili ni maandishi kwenye skrini. Mstari mmoja unatosha, mradi uubadilishe kazi inapobadilika: "Sasa: kivuli cha vidole. Baadaye: kucha." OBS Studio, programu ya bure ambayo warushaji wengi huitumia, inaweza kusoma maandishi hayo kutoka kwenye faili la kawaida, kwa hiyo unahariri faili na skrini inabadilika yenyewe. Kabla hujaridhika, fungua laivu yako kwenye simu. Herufi zinazosomeka vizuri kwenye kompyuta huwa kama sisimizi kwenye simu, na kwenye laivu ya wima komenti na vitufe hufunika sehemu ya chini ya picha. Ulichokiandika huko chini hakuna atakayekisoma.

Cha tatu, na ndicho chenye nguvu kuliko vyote, ni mdomo wako. Rudia tulipofika. Kuna wanaoshauri uweke saa na kurudia kila baada ya dakika kadhaa. Mimi siupendi utaratibu huo, kwa sababu unakata mambo pasipo na kiungo na wazoefu wanausikia kama tangazo la kituo cha treni. Subiri viungo vya kawaida: raundi imeisha, unachonga penseli, gemu inapakia, unakunywa maji. Hapo tupia sentensi mbili. Kwa mfano kwenye sataranji: "Kwa aliyeingia sasa hivi, nacheza upande wa weusi, mpinzani ana farasi wawili na mimi sina hata mmoja, natafuta njia ya kuambulia sare." Mgeni ameingia kwenye mchezo. Mzoefu hajakereka, kwa sababu namna ya kuusimulia ni mpya na kilio cha farasi kinamchekesha.

Na kwa wanaosoma kuliko kusikiliza, bandika ujumbe juu ya chati. YouTube, Twitch na TikTok zote zina nafasi ya kubandika. Weka kitu kinachomsaidia mgeni, kama leo tunafanya nini na vifaa gani vinatumika. Linki za mitandao yako mingine zinaweza kusubiri.

Mgeni aliandika salamu, nikamjibu, kumbe ameshaondoka. Nini kimetokea?

Pengine ni ucheleweshaji. Picha yako haimfikii mtazamaji papo hapo. Inasafiri, inachakatwa, inagawanywa, ndipo inamfikia. YouTube ina ngazi tatu za kuchagua: ucheleweshaji wa kawaida, mdogo, na mdogo sana. Kwenye ule mdogo watazamaji wengi hupata picha ndani ya sekunde 10, na kwenye ule mdogo sana ndani ya sekunde 5. Huo mdogo sana una gharama yake: mwenye intaneti dhaifu picha inaweza kumkwamia mara kwa mara, na ubora wa juu kabisa wa 4K haupatikani. Kama laivu yako ni ya mazungumzo, chagua mdogo au mdogo sana. Kama ni tamasha ambalo hakuna anayetarajia kujibiwa, wa kawaida unatosha.

Jambo ambalo watu hawalipigii hesabu ni kwamba ucheleweshaji hujumlishwa na muda wa kuandika. Unauliza swali, sekunde kadhaa zinapita kabla halijasikika, kisha mtu anafikiri, anaandika kwa kidole kimoja, anafuta, anaandika tena. Jibu linakufikia nusu dakika baadaye. Wakati huo wewe umeshasema "haya, naona hakuna mwenye jibu, tuendelee", na aliyekuwa anaandika amesikia hayo kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma. Uliza, endelea na kazi, kisha rudi kuangalia.

Kwa sababu hiyo hiyo soma komenti kabla ya kuijibu. Ukisema "ndiyo, inawezekana" bila kusoma swali, hata aliyeuliza hana uhakika kama ni yeye anayejibiwa. Na kama mikono imebanwa, sema "nimeiona Kipepeo, namalizia hapa narudi kwako." Ukishasema hivyo, rudi kweli.

Jina la akaunti yake silijui kulitamka.

Jaribu mara moja, muulize kama umepatia, endelea. Kama ni msururu wa herufi na tarakimu, soma kipande cha mwanzo. Usilifanyie mzaha jina la mtu ambaye hamjazoeana, na usikimbilie kumwita kaka au dada kwa kukisia tu. Jina la akaunti linatosha mpaka ajitambulishe.

Nimuulize maswali gani ili ajisikie yumo?

Moja, tena kuhusu mada. "Umewahi kuicheza hii, au ndiyo unaiona leo?" ni swali zuri kwa sababu linakufaa hata wewe: jibu linakuambia uelezee kwa kina kiasi gani. "Wewe ungepitia kushoto au kulia?" ni zuri pia, na halimdai mtu utaalamu wowote.

Unatoka wapi, una miaka mingapi, unafanya kazi gani, umeoa? Hayo ni mahojiano, tena mbele ya umati wa watu asiowajua, na chati inaweza kubaki imehifadhiwa pamoja na video. Kumbuka pia kwamba majukwaa haya kwa kawaida huruhusu akaunti kuanzia miaka 13, kwa hiyo unayemuuliza anaishi wapi anaweza kuwa mtoto. Mtu akitaja mwenyewe shule yake, mtaa wake au namba ya simu, moderata, yaani msaidizi wako wa kusimamia chati, aifute komenti hiyo bila makelele na amweleze kwa upole kwa nini imefutwa.

Akijibu kwa neno moja, amekuambia anachotaka. Usimweke kitimoto.

Wazoefu wangu wana utani wao, nao wageni wanaachwa nje. Nifanyeje?

Chukua mfano huu wa chati:

Mgeni: habari zenu, hii ni gemu gani?
Mzoefu wa kwanza: 😂😂 ndoo!!
Mzoefu wa pili: NDOO NDOO NDOO
Mrushaji: (anacheka) jamani acheni basi

Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Lakini kwa upande wa mgeni, ameuliza swali la kawaida na chati nzima imeangua kicheko. Ataamini anachekwa yeye, na swali lake bado halijajibiwa.

Mrushaji ana njia rahisi ya kuokoa hali hiyo: "Hawakucheki wewe, wananicheka mimi. Hii ni gemu ya shamba, na wiki iliyopita ndoo ya kumwagilia ilinidondokea mtoni mara tatu mfululizo. Tangu siku hiyo naitwa Ndoo. Karibu, na wewe unaruhusiwa." Jina la gemu limetajwa, utani umeelezwa, na mgeni amekabidhiwa kamba ya kuuvuta. Kanuni ninayoifuata ni kwamba utani usioelezeka kwa sentensi moja au mbili haufai kutawala chati wakati mtu mpya yumo. Utunzeni kwa saa za mwisho, wakati mmebaki wenyewe kwa wenyewe.

Wazoefu nao wanafundishika, ila wafundishe faragha. Waombe jambo moja: swali la mgeni lijibiwe kwanza, utani ufuate. Wapige marufuku kumwambia mtu "hilo limeshaulizwa". Limeulizwa na nani? Yeye hakuwapo. Kama swali linajirudia kila siku, kosa ni la skrini isiyoeleza.

Kuna jambo jingine linalowaumiza wageni ambalo warushaji hawaliangalii sana, nalo ni matabaka. Wanachama wana beji, watoa zawadi wana majina yanayong'aa, na mrushaji bila kukusudia huanza kuongea na hao tu. Mgeni anaona wazi kwamba hapa ukitaka kusikika unalipa. Aliyetoa zawadi anastahili asante ya dhati. Hastahili kupewa laivu nzima.

Halafu usimbakize mgeni kuwa mgeni milele. Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyerudi mara kadhaa mwachie achague rangi inayofuata, au mwombe amweleze aliyeingia leo sheria za mchezo. Watu hukaa mahali wanapokuwa na kazi.

Sheria za chati niziweke ngapi, na wapi?

Chache. Nne zinatosha kabisa. Twitch hukuruhusu kuweka sheria ambazo mtu huonyeshwa kabla ya kuandika kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo mahali pake. Ziandike kwa kusema kinachotakiwa: "Ongea na wenzako kwa heshima", "Uliza lolote kuhusu mchezo, usitoboe siri za mwisho wake." Orodha ya marufuku ishirini humwambia mgeni kwamba humu watu hupigana kila siku.

Nimefunga chati iwe ya wafuasi pekee. Ni sawa?

Inategemea unakinga nini. Kwenye Twitch unaweza kudai mtu awe amekufuata kwa muda fulani kabla ya kuandika, kuanzia papo hapo hadi miezi mitatu. Kwa mgeni, kila dakika unayoongeza ni mlango uliofungwa: amekuja, amependa, anataka kusema neno, anaambiwa arudi baadaye. Wengi hawarudi.

Lakini simlaumu anayefunga. Mwaka 2021 warushaji wengi wa Twitch walivamiwa na makundi ya akaunti bandia zilizomwaga matusi ya chuki kwenye chati zao, hadi baadhi yao wakasusia jukwaa hilo tarehe 1 Septemba mwaka huo. Baadaye mwezi huo Twitch ikaweka uwezo wa kudai akaunti iwe imethibitishwa kwa simu au barua pepe kabla ya kuandika, na mwaka 2022 ikaleta Shield Mode, kitufe kimoja kinachowasha ulinzi wote uliouandaa. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: siku za kawaida acha mlango wazi, dai uthibitisho wa akaunti, washa kichujio cha maneno, na komenti zikianza kukimbia kuliko macho weka chati ya polepole, ambayo humtaka kila mtu asubiri kidogo kabla ya kuandika tena. Hatua kali ziandae mapema ila zibaki mfukoni. Uvamizi ukija unaziwasha, ukipita unazizima. Warushaji wengi husahau hiyo hatua ya kuzima.

Boti ya kukaribisha wageni inafaa?

Boti, yaani programu zinazoandika zenyewe kwenye chati, kama Nightbot na StreamElements, zinafaa kwa habari: ratiba, aina ya kalamu, jina la wimbo unaopigwa. Kwa salamu, hapana. Mtu aliyekusanya ujasiri wa kuandika akajibiwa na mashine kabla yako anajua fika kwamba ni mashine.

Mrushaji mwingine amenitumia watazamaji wake wote kwa mpigo. Nifanye nini?

Twitch huita jambo hili raid, na YouTube nayo ina njia ya kuwaelekeza watazamaji kwenye laivu nyingine yako inapoisha. Ghafla mlikuwa sita, sasa mko tisini, na chati inapita kama mvua.

Kwanza, simamisha kazi kidogo. Mshukuru aliyewaleta kwa jina, na useme alikuwa anafanya nini kama unajua, kwa sababu hao watu wametoka kwenye hali fulani na wanataka daraja. Pili, jitambulishe kwa sentensi mbili na ueleze kazi iliyopo mezani. Tatu, endelea na kazi. Warushaji wengi hupoteza nafasi hii kwa kusoma majina tisini moja moja au kwa kubadilisha laivu nzima ili kuwafurahisha waliokuja. Waliotumwa kwako wametumwa waone unachofanya, basi waonyeshe.

Ukishajitambulisha, rudia tena baada ya dakika chache, maana wengine kifaa kilikuwa bado kinapakia. Usiombe wakufuate katika dakika hiyo ya kwanza. Na wale sita wa mwanzo usiwatupe. Wataje, kwa sababu nao wameona nyumba yao imejaa watu wasiowajua.

Basi niombe lini watu wanifuate?

Wakishapata kitu. Umemaliza mchoro, umeshinda raundi, umejibu swali gumu: hapo sema mara moja, na utoe sababu yenye faida kwao, kwa mfano "kesho namalizia mkono wa pili, ukifuata chaneli utaarifiwa." Kelele za kengele kwa kila mfuasi mpya zipunguze sauti, hasa kama hukata mazungumzo. Mwenye haya akiona kwamba kubofya kitufe kunaleta tarumbeta na jina lake kubwa katikati ya skrini, hatabofya.

Mgeni anaandika kwa lugha isiyo ya laivu.

Kama unaielewa, soma komenti yake, ijibu kwa ufupi kwa lugha yake, kisha waeleze wengine alichosema. Kama huielewi, sema hivyo kwa upole na umjibu polepole kwa lugha yako. Wapo wanaokataza lugha nyingine kwa sababu moderata hawawezi kukagua wasichokielewa. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini iseme kama sababu, isisikike kama karipio.

Na wasiosikia vizuri au wasioona?

Useme unachokionyesha na uandike unachokisema, kadiri inavyowezekana. "Rangi hii hapa" haimfai asiyeona. "Rangi ya kahawia upande wa kushoto wa kiganja" inamfaa, na inamfaa pia aliyeweka simu mfukoni anasikiliza tu. Muziki uwe chini sana kuliko sauti yako. Picha ikiwa hafifu watu huvumilia, lakini sauti mbovu humfukuza mgeni kabla hujafungua mdomo mara ya pili. Picha zinazomweka-mweka ziondoe, zinaweza kumdhuru mwenye kifafa.

Nitamtofautishaje mchokozi na mgeni asiyejua taratibu?

Kwa jibu lake la pili. Mgeni aliyeandika "mbona unacheza vibaya hivyo" anaweza kuwa anatania kama wanavyotaniana kwingine. Mjibu kama mtu: "Kweli leo mkono mzito, wewe ungefanyaje hapo?" Asiyejua atalegea na kushauri. Mchokozi ataongeza. Akiongeza, moderata amwondoe kimya kimya, bila hotuba, kwa sababu kila sekunde unayomkemea ni sekunde ambayo wageni wengine wanaona mtu akigombezwa. Matusi ya kabila, rangi, dini au jinsia hayana jibu la pili; huyo anatoka mara moja.

Moderata afanye nini zaidi ya kufuta?

Awe mpokeaji. Ajibu maswali yanayojirudia, akuokotee komenti uliyoikosa ("kuna swali la Kipepeo hapo juu"), na azuie wazoefu kumvamia mgeni kwa majibu kumi kwa wakati mmoja. Mchague kwa upole wake. Wepesi wa kubofya unajifunzika.

Mtu mpya amekuja dakika tano kabla sijafunga. Inafaa kuhangaika naye?

Inafaa. Mwambie wazi: "Umenikuta namalizia, nimebakiza dakika tano, leo tulichora mkono mzima." Muonyeshe kazi ilivyo sasa. Kama laivu inahifadhiwa, mwambie ataipata wapi. YouTube huhifadhi yenyewe laivu zilizo chini ya saa 12. Taja laivu ijayo kwa siku na saa, maana "tutaonana hivi karibuni" haimfikishi mtu popote, na kama watazamaji wako wako nchi mbalimbali taja pia saa hiyo ni ya ukanda upi. Kisha waelekeze wote kwa mrushaji mwingine unayemwamini, na ukiweza nenda nao, ukae kwenye chati yake dakika chache. Yule aliyekuja mwishoni ataona unavyojiheshimu ukiwa mgeni kwa mwenzako.